Kanga iliposema zaidi ya bango: uchambuzi wa kisa cha tangazo moja la afya

Kisa hiki kilitokea katika wilaya moja ya pwani ya Tanzania. Nilikuwamo, tena mimi ndiye niliyeandika maneno ya bango linalozungumziwa. Jina la wilaya, la taasisi iliyotupa kazi na la kila aliyehusika nimeyaondoa, na mambo mawili matatu yasiyobadili somo nimeyageuza ili watu wasitambulike. Nakieleza kwa kirefu kwa sababu vijana wengi wanaoingia kwenye kazi ya matangazo huja wakiwa wamefundishwa kwamba picha huvutia na maneno huelezea, basi. Bango hili lilinionyesha kwamba picha inaweza kuwa na maneno yake yenyewe, na yakashindana na yale uliyoyaandika.

## Mazingira

Kazi ilikuwa kuwahimiza waume waje kliniki ya wajawazito pamoja na wake zao ili wapime VVU siku moja, chumba kimoja, na kupokea majibu pamoja. Kwa kawaida mama hupimwa anapokuja mara ya kwanza, kisha huambiwa amlete mumewe. Mara nyingi mume haji. Wapo wanaoyachukua majibu ya mke na kuyafanya yao: mke akiwa salama, naye anajihesabu salama. Mke kwa upande wake anaogopa kutangulia kujua, maana anayetangulia kujua ndiye anayebebeshwa lawama ya kuuleta ugonjwa nyumbani.

Ugonjwa huu nao una historia ndefu ya ishara katika nchi yetu, na bango lolote huingia ndani ya historia hiyo litake lisitake. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Kabla neno UKIMWI halijazoeleka, watu wa kule waliuita Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikiingizwa na wafanyabiashara waliokuwa wakivuka mpaka wa Uganda. Yaani tangu siku za mwanzo ugonjwa ulivikwa nguo. Baadaye yakaja mabango ya mafuvu, yakawafundisha watu kwamba kupima ni kwenda kusomewa hukumu ya kifo. Julai 2007 Rais Kikwete na mkewe, Mama Salma, walipima hadharani jijini Dar es Salaam kuzindua kampeni ya taifa ya kupima kwa hiari, na macho yakapata kitu kingine cha kukumbuka: mke na mume wamekaa pamoja mbele ya mpimaji, mchana kweupe.

Sisi tulitaka kuazima kutoka hapo. Watu wawili, wametulia, hawana cha kuficha.

## Bango lilivyotengenezwa

Tulikuwa watano mezani, ofisini, mbali na wilaya yenyewe. Mezani hapo hapakuwa na mwanamke hata mmoja aliyekulia pwani. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo chanzo cha mengi yaliyofuata.

Maneno yangu yalikuwa mawili: TUMEPIMA. TUNAJUA. Niliyapenda kwa ufupi wake. Chini yake mstari mmoja mdogo: Nenda kliniki na mwenzi wako. Kwenye kona ya juu, utepe mwekundu. Chini kabisa, nembo tatu za wafadhili.

Picha ilipigwa kwenye baraza ya nyumba ya zamani, mlango wa kuchonga nyuma, mume amevaa kanzu na kofia, mke amekaa pembeni yake ameshika kadi ya kliniki. Msanifu wetu, kijana mwenye jicho zuri sana, akaona gauni la mwanamke limepauka na picha nzima imepoa. Akatumwa mtu dukani kununua doti ya kanga. Agizo lilikuwa moja tu: iwe nyekundu, ishikane na utepe. Kanga ikaja, nyekundu iliyokolea, mji wa korosho, pindo jeusi. Mama akajitanda kipande kimoja, cha pili akakilaza mapajani. Mpiga picha akaona mkunjo unaharibu mwanga, akasogea, akaunyoosha kwa mkono. Mkunjo ulipokwisha, jina la kanga likajitokeza lote, limelala sawasawa mapajani kwa mama, limeelekea kamera:

NILIJUA MTASEMA

Hakuna aliyelisema neno. Tuliokuwa nyuma ya kamera tuliona nakshi. Aliyelisoma ni mmoja, yule mama mwenyewe aliyekuwa akipigwa picha, na hakulipa uzito. Miezi kadhaa baadaye aliniambia: "Niliyaona maneno, kaka. Nikadhani ndivyo mnavyotaka."

Kwa asiyeishi na kanga, nieleze kidogo. Kanga ina pindo linaloizunguka, ina mji katikati, na chini ya mji ina jina, yaani yale maneno. Maneno yalianza kuwekwa mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye za Kilatini, na mfanyabiashara anayetajwa zaidi katika habari hiyo ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyejulikana kama Abdulla. Tangu hapo mwanamke wa pwani hanunui kitambaa tu. Ananunua usemi. Kanga anayopewa mama na mwanawe ina jina lake, anayovaa mtu siku anayopita mbele ya nyumba ya mgomvi wake ina jina lake, na muuzaji anayeijua kazi yake hukusomea jina kabla hujauliza bei. Asiyetaka kusema chochote siku hiyo huichagua kwa uangalifu uleule, au hulikunja jina lisionekane. Sisi tulilinyoosha.

Bango lilipitishwa kwenye skrini ya kompyuta, dogo kama daftari la mwanafunzi. Kwa ukubwa huo maneno ya kanga yalionekana kama mstari wa michirizi. Waliotakiwa kuidhinisha walikagua nembo: zimepangwa kwa mfuatano sahihi, zina rangi sahihi. Wakaidhinisha. Baadaye nililipima bango lililochapwa kwa rula. Herufi za kanga zilikuwa na kimo cha sentimita moja na nusu. Za mstari wetu wa "Nenda kliniki na mwenzi wako" hazikufika sentimita moja.

## Linapofika ukutani

Aliyetupigia simu alikuwa nesi wa kliniki ya kwanza kubandikiwa. Hakulalamika. Aliuliza tu: "Kaka, hili bango maneno yake mmeyaandika nyinyi wenyewe au mmeandikiwa?" Akasema kina mama wanasimama mbele yake, wanacheka, halafu wananyamaza. Kile kunyamaza ndicho kilichomtia shaka.

Tulikwenda wiki hiyohiyo. Nilikaa kwenye benchi pamoja na waliokuwa wakisubiri, bila kujitambulisha mwanzoni. Wanawake wawili walikuwa wakilitazama.

"Kwani kasemwa nini?"

"Si wamepima? Wanajua."

"Aa. Basi ndiyo hayo."

Mazungumzo yaliishia hapo, na ndani ya kauli hizo tatu hadithi nzima ilikuwa imekamilika: wamepima, majibu ni mabaya, siri imetoka, mtaa unasema, na mke amevaa kanga ya kuujibu mtaa. Kwenye soko la samaki, ambako tulibandika bango la pili, wanaume waliambizana jambo lilelile kwa njia nyingine: ukienda kupima, kanga hiyo utakuja kuinunua wewe.

Usomaji haukuwa mmoja. Msichana mmoja mwenye mimba ya kwanza alilipenda. Kwake yule mwanamke alikuwa shujaa, anawaambia semeni mchoke, mimi na mume wangu tumeshajua letu. Nilifurahi kumsikia, na kwa dakika chache nilitaka kuamini kwamba hilo linatosha kulitetea bango.

Kisha nikakaa karibu na bibi mmoja aliyemsindikiza mjukuu wake. Nikamwamkia, akaitikia, nikamuuliza bango linasema nini. Hakunijibu. Aliniuliza yeye:

"Huyu mwanamke anamwambia nani, mwanangu?"

Nikasema anawaambia watu wote, waje wapime.

"Hapana. Ananiambia mimi. Mimi ndiye niliyekaa mbele yake, ananitazama usoni. Ananiambia alijua nitasema. Na mimi sijasema kitu."

## Uamuzi wa kwanza: kufunika

Bajeti ya uchapaji ilikuwa imekwisha na wageni kutoka kwa wafadhili walikuwa njiani. Hali hizo mbili ndizo zilizoamua. Kuyatoa mabango kungeacha kuta tupu siku ya ziara, kuyachapa upya kungehitaji fedha ambazo hatukuwa nazo. Tukachagua njia ya katikati: stika nyeupe ndefu, yenye maneno mafupi ya kufaa, ibandikwe juu ya jina la kanga. Tulitafuta maneno ambayo hayangeweza kumkera mtu. Tukaandika: HUDUMA NI BURE.

Mtu akisoma hapa atakuwa ameshaona. Maneno hayo, mezani, hayana kosa. Yalikwenda kukaa mapajani kwa mwanamke. Vijana wa stendi walivyoyasoma pale yalipokaa sitaeleza. Nesi alilitoa bango la kliniki yake siku hiyohiyo bila kutuuliza, na alifanya sawa. Kwingine watoto walibandua stika, na watu ambao mwanzoni walipita bila kuona jina la kanga sasa walisimama kutazama kilichofichwa.

Yule mama wa kwenye picha ana mtaa wake na watu wake. Alituamini na uso wake. Katika yote yaliyotokea, hilo la stika ndilo linaloniuma hadi leo, na tulikwenda kumwomba radhi nyumbani kwake mbele ya mumewe.

## Uamuzi wa pili: kuondoa, kisha kuuliza

Mabango yote yakatolewa kabla ya ziara. Wageni walikuta kuta tupu na wakaelezwa kwa nini, na kwa mshangao wetu walielewa haraka kuliko tulivyohofia. Fedha kidogo ikapatikana kutoka fungu jingine.

Tukafanya vikao viwili. Kimoja na kina mama kwenye ua wa kliniki, kingine na wanaume barazani baada ya swala ya alasiri, kahawa ikizunguka. Hatukuuliza kama bango ni zuri, maana ukimuuliza mtu wa pwani hivyo usoni pako atakwambia zuri, kwa adabu yake. Tuliwaonyesha kwanza picha bila maneno. Kisha maneno bila picha. Kisha vyote pamoja. Kila mara tuliuliza matatu: nani anasema, anamwambia nani, na wewe ungemjibu nini.

Tulikwenda pia na doti kadhaa za kanga. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba dawa ya jina baya ni jina zuri, na nilikuwa na langu nililolitaka: Sisi sote abiria dereva ni Mungu. Lilikuwa na "sisi sote", halimtengi mtu. Kina mama walilipokea vizuri. Wanaume barazani walilisoma, mmoja akaweka kikombe chini akasema kwa utulivu kabisa, na kwa imani, kwamba kama dereva ni Mungu basi haoni haja ya vipimo. Wenzake waliafiki. Likaondoka.

La pili lilikuwa Mkipendana mambo huwa sawa. Hili wanaume walilipenda. Lakini tayari kwenye kikao cha ua wa kliniki mama mmoja alikuwa ameshalikataa: "Hayo ndiyo maneno ya mume asiyetaka kupima. Ukimwambia twende, anakuuliza, kwani hunipendi?" Nilikuwa nimeyaona maneno hayo kwenye kanga maisha yangu yote na sikuwahi kuyasikia yakitumika hivyo ndani ya nyumba.

Aliyetutoa kwenye tundu hilo alikuwa mwanamke wa makamo aliyekuwa kimya muda mrefu. Akasema: mvisheni kisutu. Wenzake wakaguna kwa kukubali kabla hata hajamaliza. Kisutu ni ile kanga ya kale ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, inayovaliwa na kupewa bibi harusi, na vingi vya asili havina jina. Hakimsemi mtu, hakimjibu mtu. Kinachosema ni kwamba huyu ni mke, ameolewa kwa heshima, na wanaomtazama wanaikumbuka siku hiyo.

## Bango la pili na matokeo

Picha mpya ilipigwa baraza ileile na wanandoa wengine, kwa kuwa wale wa kwanza tuliona si haki kuwarudisha. Mke amevaa kisutu. Hawaitazami kamera. Wanatazamana na nesi aliyekaa pembeni, ambaye bega lake tu ndilo linaloonekana. Maneno yakawa: Sisi tumekuja pamoja. Nanyi njooni pamoja. Utepe mwekundu tuliuondoa.

Je, waume walikuja? Walioongezeka walikuwepo, na nesi alilisema hilo kwa furaha, lakini wakati huohuo kliniki ilikuwa imeanza kuwatumia waume barua ya mwaliko yenye mhuri, na wenzi waliokuja pamoja walikuwa wakihudumiwa bila kupanga foleni. Atakayesema bango ndilo lililowaleta atakuwa anajisifu kwa kazi ya wengine. Tunachoweza kukitetea ni kidogo zaidi. Kicheko kile na kimya kile vilikwisha. Watu walianza kuuliza jambo jipya: kliniki hiyo ni siku gani?

Hatukuwa tumeandika siku. Mabango mawili, vikao viwili, na hakuna kati yetu aliyeweka siku wala saa. Nesi alichukua makapeni ya bluu akaandika mwenyewe chini ya picha: Jumanne na Alhamisi, saa mbili asubuhi.

## Uchambuzi

### Nanga mbili katika picha moja

Mwaka 1964 Mfaransa Roland Barthes, mwanazuoni wa ishara na maana zake, alichambua tangazo la makaroni la kampuni ya Panzani na kusema kwamba picha yenyewe huelea: inabeba maana nyingi kwa pamoja, na maneno ndiyo yanayoitia nanga ili msomaji ashike moja. Kinachosahaulika katika somo hilo ni kwamba alipohesabu maneno ya tangazo lile hakuishia kwenye maelezo ya pembeni. Alihesabu pia maandishi ya lebo zilizokuwa ndani ya picha, kwenye pakiti zenyewe. Kwake hayo nayo yalikuwa maneno ya tangazo.

Kanga ile ilikuwa lebo ndani ya picha, na sisi hatukuihesabu. Tuliweka nanga moja juu, nyingine ikawa tayari iko mapajani. Zilipovutana, ya kanga ikashinda, na sababu zinaonekana. Iliandikwa kwa herufi kubwa kuliko mstari wetu. Ilikuwa mwilini mwa mtu, kwa hiyo ilikuwa na msemaji, ilhali TUMEPIMA ilielea hewani juu ya vichwa vyao. Na ilikuwa lugha ambayo wasomaji wake wamefundishwa kuitafsiri tangu utoto: ukiona jina la kanga, uliza linamlenga nani. Hakuna aliyefundishwa kuuliza hivyo kuhusu kichwa cha bango la serikali au la shirika.

### Tu na m

Hapa ndipo nadhani kisa kina utajiri wake, na ni hapa mwandishi wa maneno anapaswa kukaa zaidi.

Kiambishi "tu" cha Kiswahili hakisemi kama wewe unayesikiliza umo au humo. "Tumepima" inaweza kuwa mimi na wewe na jirani, inaweza kuwa mimi na mume wangu tu, wewe ukiwa nje. Nilipoiandika, nilitumaini msomaji ajione ndani yake: nasi siku moja tutasema hivyo. Ilikuwa "tu" iliyo wazi, mlango haujafungwa.

Kanga ikaufunga. "Mtasema" ina "m", nyinyi. Pale "nyinyi" anapotajwa, "sisi" hupata mpaka wake. Wao wawili upande ule, mimi niliyesimama mbele ya ukuta upande huu, tena nimetajwa kama msengenyaji kabla sijafungua mdomo. Mke anaangalia kamera, kwa hiyo anamwangalia kila anayepita. Macho yakasema "wewe", kanga ikasema "nyinyi", na bibi yule akaviunganisha kwa sentensi moja bila kuhitaji nadharia yoyote. Tulikuwa tumetengeneza bango linalomwalika mtu kwa kumtuhumu.

Hata wakati wenyewe wa vitenzi uliungana vibaya. Tunajua, ya sasa. Nilijua, ya zamani. Mtasema, ijayo. Ukiyasoma mfululizo, kutoka juu kushuka chini kama jicho linavyoshuka, unapata kisa chenye mwanzo na mwisho, na mwisho wake ni aibu. Katika bango la pili "nanyi" ilirudi, ila safari hii ikiwa na "njooni". Nyinyi yule aliyetuhumiwa sasa anakaribishwa, na wenzi kwenye picha hawamkodolei macho.

### Nyekundu tuliyoifunga wenyewe

Msanifu aliomba nyekundu ili kanga ishikane na utepe. Ikashikana. Rangi ikirudiwa katika picha, jicho huunganisha vitu viwili na kuvisoma kama jambo moja. Utepe mwekundu, ulioanza New York mwaka 1991 kama alama ya kuwa pamoja na wenye UKIMWI, hapa kwetu kwa watu wengi ni UKIMWI wenyewe. Kwa hiyo kanga ile haikubaki kanga ya mwanamke fulani mwenye ugomvi wake na majirani. Sisi wenyewe tuliifunga kwenye ugonjwa kwa uzi wa rangi. Kama ingekuwa ya kijani au ya samawati, maneno yangebaki mabaya, lakini huenda wengine wangeyasoma kama mambo yake binafsi.

Pale mezani mtu alisema kanga ni pambo. Napenda kumkumbusha kila anayesema hivyo kura ya maoni ya Kenya ya Novemba 21, 2005. Tume ya uchaguzi iliwapa waliounga mkono rasimu ya katiba alama ya ndizi, na waliopinga alama ya chungwa, matunda mawili ya sokoni yasiyo na neno lolote ndani yake. Chungwa likashinda, likaondoka na maana iliyokuja kuzaa chama, ODM (Orange Democratic Movement), ambacho hadi leo kinabeba jina la tunda hilo. Kama tunda tupu linaweza kujazwa hivyo ndani ya kampeni moja, kitambaa chenye sentensi nzima kilikuwa na nini cha kungojea?

### Nani hakuelewa?

Ripoti ya kwanza ya ndani iliandika kwamba "jamii haikuelewa ujumbe". Nilipinga sentensi hiyo na napinga kila niionapo mahali pengine. Stuart Hall, mwanazuoni wa utamaduni aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alieleza mwaka 1973 kwamba anayetunga ujumbe hufunga maana kwa misimbo aliyonayo, yaani mazoea yake ya kuzipa ishara maana, na anayepokea huifungua kwa misimbo aliyonayo yeye, na hizo mbili si lazima zilingane. Mtu anaweza kuupokea ujumbe kama ulivyokusudiwa, anaweza kukubaliana nao nusu, anaweza kuusoma kinyume.

Kwa kipimo hicho, wanawake wa benchi walisoma kila kilichoandikwa: kichwa, kanga, rangi, macho, mkao. Hawakuacha kitu. Yule msichana aliyeona shujaa alisoma vitu hivyohivyo akavipa uzito mwingine, na usomaji wake ulikuwa halali kama wa wenzake. Waliosoma nusu ni sisi watano mezani, tuliosoma nembo na kichwa cha bango tukaacha kanga.

Kosa lilikuwa la mpangilio wa kazi zaidi ya la mtu mmoja. Yule mama tulimlipa kwa ajili ya uso wake na hakuna aliyemuuliza anaona nini, ingawa ndiye pekee pale barazani aliyekuwa na ufunguo. Siku hizi kabla ya kamera kufunguliwa namwomba kila anayepigwa picha anisomee alichovaa na kilicho nyuma yake: jina la kanga, maandishi ya fulana, bango la duka ukutani, hata kalenda. Huchukua dakika tano. Bango huangaliwa likiwa limechapwa kwa ukubwa wake, ukutani, kutoka hatua nne, sita, kumi.

### Kilichofaa

Kuondoa kulifaa, kulichelewa tu. Maswali yale matatu yalifaa sana, hasa la tatu. Mtu akikwambia angemjibu nini aliye kwenye picha, anakuonyesha amejiweka wapi. Kukubali kisutu kulifaa kwa sababu ni wao waliokitaja, na kwa sababu kilitupa ukimya tuliouhitaji ili maneno yetu yasikike. Hata hivyo kisutu kina gharama yake. Kinasema ndoa, tena ndoa ya heshima. Wenzi wasiofunga ndoa, na wako wengi wanaokuja kliniki, hawamo kwenye bango lile. Tulilijua hilo tukalichagua, kwa kuwa hofu tuliyokuwa tukipambana nayo ilikuwa ya wake na waume. Kwa mradi mwingine ningekataa.

Na ule mstari wa makapeni. Niliporudi kliniki nilimwambia nesi kwamba tunaweza kuchapa karatasi nzuri yenye siku na saa, ibandikwe chini ya bango. Akakataa. Bango lote limechapwa, alisema, na mtu anaona limetoka mbali.

"Mwandiko huu wanaujua," akaniambia. "Ndio ulio kwenye kadi zao."